Kengele ya Bama

Ukitaka kujua heshima ni mzigo wa namna gani, mtafute Kaimenyi wa Kathirwa umuulize. Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani ya chai, mtu wa koti hata jua likiwaka. Harusi ikifanyika, maikrofoni ni yake. Msiba ukitokea, ratiba ni yake. Lakini kila ifikapo sikukuu ya Mashujaa, familia zinapoitwa moja moja kwenye hema la chifu ili ziwataje wazee wao waliopigania uhuru, Kaimenyi alikuwa akiugua tumbo. Kila mwaka, tumbo. Mkewe Gladwell humchemshia maji ya tangawizi na kunyamaza, maana aliujua ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa baba yake. Mzee Mutembei, Mungu amrehemu, alikuwa homugadi, askari wa kijiji aliyewatumikia Wazungu. Wakati wa hali ya hatari, Wazungu walipoamuru mtaro uchimbwe kando ya msitu wa mlima ili wapiganaji wa Mau Mau wasiweze kushuka kutafuta chakula, waliochimba ni wanawake, na kwa upande wa Kathirwa aliyesimama juu yao na kiboko ni Mutembei. Mtaro huo ulishafukiwa zamani, juu yake pamepandwa chai. Wala hakuna aliyelitaja jambo hilo. Watu wa pale hawana tabia ya kumtupia mtu marehemu wake usoni. Mtasalimiana, mtachangiana harusi, mtazikana, na jambo litabaki palepale katikati yenu kama jiwe la shambani ambalo kila jembe limezoea kulizunguka.

Sasa sikia alivyojiponza mwenyewe.

Kanisa lilikuwa na kengele yake, rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti wa mukima karibu na dirisha la mbele. Wezi wa vyuma chakavu wakaiiba. Wazee wakamtuma Kaimenyi Meru mjini akatafute nyingine, naye akaenda kwa Billow, Msomali mwenye yadi ya vyuma nyuma ya soko, mtu aliyesifika kwa kutopokea mali ya wizi. Billow akamtolea rimu. Rimu nzuri tu, haina kutu. Lakini jicho la Kaimenyi lilikuwa limeshaangukia kitu kingine kilicholazwa chini ya mabati: chuma kirefu, kinene tumboni, kilichochongoka kichwani, kizito kweli kweli.

"Hiyo wacha, mzee," Billow akasema. "Ilikuja na mzigo wa wafugaji wa kule chini, upande wanakofanyia mazoezi ya mizinga. Inaonekana ilishapigwa, lakini mimi sijui mambo ya jeshi."

"Kama ilishapigwa, si basi imekufa?" Kaimenyi akauliza, akaigonga kwa funguo za nyumbani. Billow aliruka mpaka nje ya lango.

Angechukua rimu, tusingekuwa na hadithi. Lakini rimu ni kitu cha kila mtu, na Kaimenyi hakuwa mtu wa kitu cha kila mtu. Akabembeleza, akashikilia, akamchosha Billow kwa maneno mpaka Billow akaona bora amuuzie apate kupumua. Hilo ndilo kosa la Billow, na yeye mwenyewe hajawahi kulikana.

Kilipofika Kathirwa, watu wakakizunguka. Gitobu alikuwapo. Huyu Gitobu baba yake alikaa msituni na Mau Mau mpaka mwisho, na kila akisimama kanisani kushukuru, hata kama anashukuru kwa ng'ombe kuzaa, lazima ataje msitu. Gitobu akakipapasa chuma, akauliza, "Hii umeitoa wapi, mzee?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: kwa Billow. Lakini mdomo wa Kaimenyi ukafunguka wenyewe ukasema, "Ni ya baba. Alikuja nayo kutoka Bama, vita vya Hitla. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Imekaa stoo miaka yote hii, nikaona afadhali niitoe kwa Bwana."

Gitobu akamtazama Karwirwa, mama mzee aliyekuwa mpiga kengele tangu alipokuwa msichana. Karwirwa akakohoa kidogo. "Basi itundikwe," akasema. Ikatundikwa. Vijana wakaipaka rangi ya fedha, wakaiandika kwa herufi kubwa: MUTEMBEI, ASKARI WA KEYA.

Na uongo ukishapewa pa kulala, huomba na chakula. Mwaka huo, sikukuu ya Mashujaa, tumbo la Kaimenyi likapona. Aliketi hemani kwenye kiti chenye kitambaa, akasimulia Bama: mvua, matope, chatu, Wajapani waliojificha juu ya miti. Alisimulia mpaka akamwona baba yake kwa macho yake mwenyewe, kijana mwenye kofia ya pembeni, bunduki begani, hana kiboko, hana mtaro, hana mwanamke yeyote anayelia miguuni pake. Akashuka pale jukwaani machozi yakimlengalenga, na yalikuwa machozi ya kweli.

Kila Jumapili Karwirwa alikuwa akisimama chini ya ule mti na kipande cha nondo, watoto wa Sande Skuli wamemzunguka wakivuta leso yake, "Shosho, nipe mimi! Shosho, leo ni zamu yangu!" Mara humpa mmoja, mara humnyima. Mlio wenyewe haukuwa wa kengele. Ulikuwa mzito na mfupi, lakini watu wakasema ni sauti ya kiume hiyo, ya askari mzee.

Siku moja Kaimenyi akiwa kituoni wanapima majani, simu ikalia. Billow.

"Mzee Kaimenyi, ile kitu yangu iko wapi?"

"Ipo. Kwa nini?"

"Isiguswe na mtu! Juzi huku chini wafugaji waliokota nyingine kama hiyo, wakaigonga watoe shaba. Mmoja amekufa, mwingine hana mkono. Wanajeshi wamepita kwa yadi zote na picha. Ile yako iko kwa picha, mzee, nimeiona na macho yangu. Ambia chifu leo. Leo, unanisikia?"

"Nimesikia," Kaimenyi akasema.

Kusikia alisikia. Alitoka kituoni akapita mbele ya ofisi ya chifu, mlango uko wazi, chifu yuko ndani anakunywa chai. Akamsalimia kwa mkono, akapita. Kwa sababu alikuwa ameshafika mbali kwa mawazo. Chifu atauliza, chuma kimetoka wapi? Kwa Billow. Kumbe hakikutoka Bama? La. Na Mutembei je, alikwenda Bama? Hapo ndipo mambo yote yangerudi yalikokuwa, kiboko mkononi. Kaimenyi alikuwa amepata baba mpya uzeeni, na hakuwa tayari kumzika.

Akajipa moyo kwa hoja ya kijinga. Chuma kimegongwa Jumapili zote hizi na hakijasema kitu. Kingetaka kulipuka, si kingekuwa kimelipuka? Haya ni maneno ya mtu mzima, mwenye wajukuu! Kichwa chake kilikubali, lakini mwili ulikuwa na akili zaidi.

Jumapili ilipofika, nayo ilikuwa Jumapili ya mavuno, Kaimenyi hakwenda kwenye benchi la wazee, lile la mbele lililo karibu na dirisha na mti wa kengele. Alimshika Gladwell kiwiko, akampeleka benchi la mwisho kabisa, nyuma ya nguzo ya mawe, kando ya mlango wa nyuma.

"Mbona huku, Baba Kendi?" Gladwell akanong'ona. "Huku si kwa wenye watoto wachanga?"

"Nataka hewa."

Nje, Karwirwa akainua nondo. Kaimenyi akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Gladwell alitazama viatu, akamtazama mumewe, akafungua kitabu cha nyimbo. Na mbele kule, safu mbili za watoto wa Sande Skuli walikuwa wamekaa sawasawa chini ya dirisha, soksi nyeupe, wakingoja kuimba.

Aliwaona. Hili lisemwe wazi ili asije akatafutiwa kisingizio. Aliwaona wale watoto, akaona na dirisha juu yao, akabaki nyuma ya nguzo yake.

Ibada ilipokwisha aibu ilimsukuma mpaka chini ya mti. Alisema moyoni, sitasema kuhusu Billow, nitamwondoa mama huyu tu hapa, basi. "Mama Mwenda," akaanza, kwa maana mtoto wa kwanza wa Karwirwa aliitwa Mwenda, "umetumika sana. Sasa upumzike. Vijana watakuwa wakipiga wimbo kwa spika, watu watasikia hata bondeni."

Karwirwa akamkazia macho. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Nimechelewa siku gani?"

"Hata siku moja."

"Basi ni nani amesema mikono yangu imechoka? Mtaje. Mimi si wa kusemwa nyuma, Kaimenyi."

Hapo palikuwa pahali pa kusema kweli. Neno lilikuwa moja tu, bomu, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akisikiliza ila watoto. Mama huyu alikuwa ameshika nondo kwa mikono yote miwili, amekunja uso kwa kuumia, anangoja aambiwe kosa lake. Kaimenyi alilihisi neno likipanda kooni. Akalimeza.

"Hakuna aliyekusema," akajibu. "Nilikuwa nakuhurumia tu."

"Huruma yako kaweke kwa ng'ombe," Karwirwa akasema, na kwa hasira akageuka akaipiga kengele ya kuwaaga watu, akaipiga kwa nguvu kuliko siku zote. Kaimenyi alijikuta nyuma ya choo cha wanaume, amekumbatia kichwa. Alipotoka, vumbi la ukuta lilikuwa limejaa kotini. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hata hiyo tamaa ilikuwa ya bure, kwa kuwa ofisi ya chifu ilikuwa umbali wa kutupa jiwe na hakwenda.

Jumapili iliyofuata alimwambia Gladwell wasiende. "Una mafua."

"Mimi? Sijapiga chafya hata moja."

"Utapiga."

Wakabaki nyumbani. Kengele ilipolia ng'ambo ya kijito, Kaimenyi alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kisha sauti ya wimbo ikaja, akashusha pumzi, akasema, "Asante Yesu." Gladwell alidhani mumewe ameguswa na wimbo. Akamwekea chai, akamwongezea na maziwa.

Billow aliendelea kupiga simu. Mwanzoni Kaimenyi alijibu, "Nashughulikia." Baadaye akawa haipokei. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na Billow hakuwa mtu wa kulala na deni la roho za watu. Jumapili moja, ibada inaisha, watu wanatoka, Kaimenyi akiwa wa kwanza kwa mlango wa nyuma, pikipiki ikasimama langoni. Billow akashuka, kanzu yake imetapakaa matope ya njia, akaona ule mti na mama mzee ameinua nondo, watoto kiunoni.

"Mama! Mama, usipige!"

Mkono wa Karwirwa ukabaki hewani. "Wewe ni nani?"

"Weka hiyo chuma chini. Polepole. Watoto, kujeni huku, wote, kujeni kwangu. Hiyo ni bomu." Alikuwa akihema. "Ni mimi niliiuza. Nimempigia Mzee Kaimenyi simu mpaka nimechoka, nikasema nije mwenyewe."

Watoto walikimbia. Karwirwa akailaza ile nondo juu ya nyasi, akarudi kinyumenyume, leso imeanguka. Na watu wote, bila kuambiwa, wakageuka kumtafuta Kaimenyi. Walimkuta kule nyuma kabisa, mkono mmoja kwenye mlango.

Wanajeshi walikuja kesho yake. Waliwatoa watu wote nyumbani, wakawapeleka kwenye uwanja wa shule ng'ambo ya bonde. Kaimenyi alikwenda na wengine, lakini kila alipoketi, nyasi zilizomzunguka zilibaki tupu. Aliyewaongoza wanajeshi hao alikuwa sajini wa kike, Mukami, mzaliwa wa Manyatta huko Embu, mtu wa maneno machache. Waliishusha kwa kamba wakiwa mbali, wakaipeleka bondeni kwa namna ambayo hawakumruhusu mtu kutazama, wakaizika kwenye shimo. Kisha filimbi ikapulizwa.

Mshindo ulikuja kwanza miguuni, halafu masikioni. Udongo mweusi ulipanda ukapita vilele vya mikaratusi. Vioo vya kanisa vikaanguka vyote. Ng'ombe wa Gitobu akakata kamba. Watoto waliokuwa wakingoja kushangilia wakaanza kulia, mmoja baada ya mwingine, na mama zao wakawashika wasijue la kusema.

Sajini Mukami alipanda pale uwanjani akipangusa mikono. "Ilikuwa imejaa," akasema. "Nani alikuwa anaigonga?"

Karwirwa akainua mkono, kama mtoto darasani.

"Na nini, shosho?"

"Na nondo."

Sajini akavua kofia. "Kupigwa bila kulipuka si kufa," akasema. "Inangoja tu. Shosho, wewe mshukuru Mungu wako." Halafu akamgeukia Billow, aliyekuwa amebaki kuwangoja. "Uliwaambia lini?"

"Kabla ya Jumapili ya mavuno," Billow akasema, macho chini. "Siku ileile mliyopita na picha."

Gladwell alikuwa amesimama kando ya mumewe, mtu pekee aliyebaki karibu naye. "Kabla ya mavuno," akarudia. "Jumapili ya mavuno ndiyo uliyonipeleka nyuma ya nguzo." Akafikiri tena, na waliokuwa wakimtazama waliuona uso ukibadilika. "Na mafua. Baba Kendi, kumbe ndiyo mafua yale? Mimi ukanificha nyumbani, na watoto wa watu?"

Kaimenyi alikwenda katikati ya uwanja, koti lake limefungwa vifungo vyote, akajaribu kusimama kama anavyosimama harusini. Sauti haikuja vizuri.

"Ndugu zangu, nimewakosea. Niliwadanganya. Ile chuma haikutoka Bama. Baba yangu hakwenda Bama. Baba yangu alikuwa..." Akakwama. Maisha yake yote hakuwa amelitamka neno hilo mbele za watu. "Alikuwa homugadi. Niliona nikisema ukweli wa chuma, na ukweli wa baba utajulikana. Niliona aibu. Nisameheni."

Akangoja. Alikuwa amejiandaa kwa zomeo, kwa mawe hata. Lakini hakuna aliyeshtuka. Gitobu alikuwa akitazama viatu vyake. Wamama wazee walikuwa wakitazamana. Kaimenyi akadhani hawakusikia, akataka kurudia.

"Tumesikia," Karwirwa akasema. Alikuja mpaka mbele yake, taratibu, magoti yake hayakuwa mazuri. "Kaimenyi, mama yangu alichunga mbuzi na baba yako tangu utoto. Alijua kila alikokwenda, na Bama haimo. Na kule mtaroni mimi nilikuwapo, mgongoni mwa mama, yeye akichimba na baba yako akihesabu. Nani hapa hajui? Siku ile ulipoitaja Bama, mimi na Gitobu tulitazamana. Tukasema, mwacheni. Mtu hajichagulii mzazi. Akitaka baba wa kutaja hemani, apewe, inatugharimu nini?"



"Nikaipiga kengele yako," Karwirwa akaendelea. "Najua ni ya uongo, naipiga. Jina la Mutembei liko pale, na mimi mtoto wa mtaroni naita watu waje kwa Mungu chini ya jina hilo. Nilisema moyoni, basi, mambo yale yameisha. Hata mama angekuwa hai angeridhika. Sasa wewe niambie, nataka kujua kabla sijafa. Ulikuwa tayari nipasuke na hawa watoto, ili unifiche nini ambacho mimi nilikuwa sikijui?"

Upepo ulikuwa ukileta harufu ya baruti na udongo mbichi. Gladwell aliiokota leso ya Karwirwa iliyokuwa imeteleza begani, akamfunga, akamshika mkono. Wakateremka pamoja kuelekea kanisani kufagia vioo, na watu wakawafuata.